Ubishi Juu ya Theluji

Wengi wenu hamjaigusa theluji kwa mkono. Ninyi wa Beni na wa Mutwanga mmeiona kwa mbali tu, asubuhi mawingu yanapofunguka na vilele vya Ruwenzori kung'aa kama kitambaa cha altare. Theluji hiyo yetu yapungua mwaka kwa mwaka. Lakini huko Ulaya, katika milima ya Alpi na katika nchi za kaskazini, theluji hufunika mashamba na njia kwa miezi mingi, na wenyeji wa huko tangu zamani sana walijifunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopindwa mbele, ili wasizame wanapotembea. Mbao hizo huitwa ski. Mwanzo zilikuwa chombo cha mwindaji na cha msafiri. Leo ni mchezo wa mamilioni ya watu.

Tena msidhani kwamba mchezo huu ni mgeni kabisa katika nyumba ya Kanisa. Papa Pius XI, ambaye kabla ya kuwa Papa alikuwa mpanda milima hodari, alimweka Mtakatifu Bernardo wa Menthon mwaka 1923 kuwa msimamizi wa watu wa milima ya Alpi. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II alizipenda ski tangu alipokuwa padri kijana kwao Poland. Hata akiwa Papa wa miaka 64, mwezi wa Julai 1984, aliteleza juu ya mlima Adamello huko Italia, Rais wa nchi hiyo akimtazama.

Ila leo hatutaki kusimulia uchaji wa watu wa ski. Twataka kusimulia ugomvi wao, maana watu hawa ni wabishi kupita wazee wa barza. Kwa miaka zaidi ya mia wamegombana juu ya neno moja: ni nani anayejua? Je, ni yule ambaye mwili wake wapendeza macho? Ni yule anayefika mbele ya wenzake? Au ni yule anayeshika mafundisho aliyopewa, asiongeze wala asipunguze? Sisi tulio walimu, tunaoshika kalamu nyekundu kila siku, tulipoanza kusoma habari za ubishi huo tulifikiri ni upuuzi wa watu wenye fedha. Tulipoendelea kusoma tukaona wenye ubishi wanafanya kazi yetu.

Tuanze na mwalimu mwenzetu. Mathias Zdarsky alizaliwa mwaka 1856 katika nchi ya Moravia. Alifanya kazi ya ualimu, alichora picha, alichonga sanamu, kisha akajipatia shamba mlimani karibu na mji mdogo wa Lilienfeld, katika Austria. Huko akasoma kitabu cha Fridtjof Nansen, yule Mnorwe aliyevuka Greenland kwa ski mwaka 1888, akaagiza ski kutoka Norwe. Zilipofika hazikumfaa. Zilikuwa ndefu, karibu mita tatu, na mguu ulifungwa juu yake kwa kulegea, kwa sababu vilima vingi ambapo Wanorwe walizitumia ni vya mviringo, mteremko wake wa pole. Shamba la Zdarsky lilikuwa ubavuni mwa mlima mkali. Basi akazikata ski zake, akatengeneza kifungo cha chuma cha kuushika mguu barabara, na kwa miaka kadhaa akajifundisha peke yake jinsi ya kushuka kwa kugeuka huku na huku, akijizuia kwa fimbo moja ndefu. Mwishoni mwa 1896 akatoa kitabu cha kueleza mafundisho hayo.

Hapo ghasia ikaanza. Wanorwe na wanafunzi wao katika Ujerumani, kama Wilhelm Paulcke, waliona haya kuwa matusi. Ski ni za Norwe, walisema. Mtu wa Austria amezipata juzi, naye leo anataka kutufundisha! Tena kuegemea fimbo wakati wa kushuka kulikuwa kwao jambo la aibu, jambo la kizee. Zdarsky naye hakuwa mtu mpole. Alijibu kwa ukali, na magazeti ya watu wa milima yakajaa maneno ya uchungu, kila upande ukiuita upande wa pili wajinga. Walioandika walikuwa wengi. Waliokwenda Lilienfeld kutazama kwa macho walikuwa wachache.

Mwaka 1905 akaenda mmoja. Alikuwa Hassa Horn, mhandisi, Mnorwe halisi, mtu mwenye kuzijua ski tangu utoto. Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Horn hakuja na kalamu, alikuja na ski zake. Alipanda mlima pamoja na Zdarsky, akashuka pamoja naye, akayaona mambo ambayo hayaonekani katika gazeti: kwamba mteremko ule si mteremko wa Norwe, na kwamba anayeshuka pale sherti ageuke, la sivyo atavunjika. Akakiri kwamba katika milima mikali kama ile mafundisho ya Lilienfeld yanafaa. Mwezi wa Machi mwaka huo huo Zdarsky aliweka milango 85 kwenye mlima Muckenkogel, watu 24 wakashuka kwa kupita kati yake. Ndiyo asili ya mashindano yanayoitwa leo slalomu.

Lakini msifikiri kwamba Zdarsky alikuwa na haki katika kila jambo. Ofisa mmoja wa jeshi la Austria, Georg Bilgeri, alichukua kugeuka kwa Lilienfeld akakuunganisha na ustadi wa Norwe, tena akafundisha kushika fimbo mbili badala ya moja. Zdarsky alimpinga kwa hasira ile ile ambayo Wanorwe walimpinga yeye. Fimbo mbili zikashinda. Tazameni leo mtelezaji yeyote: ana fimbo mbili. Mzee wa Lilienfeld alishika fimbo yake moja. Mwili wake ulikuwa mgumu kama kichwa chake: mwaka 1916, wakati wa vita, poromoko la theluji lilimfunika na kumvunja na kumtegua mifupa mahali karibu 80, naye akaishi hata 1940.

Baada ya hayo ubishi ulihamia sehemu nyingine za mwili, nasi tutaupita upesi. Hannes Schneider wa Arlberg alifundisha kuchuchumaa na kusukuma ski moja nje ili kugeuka, na shule yake ikatawala Alpi. Kisha Émile Allais, Mfaransa, bingwa wa dunia wa 1937, akafundisha kwamba ski mbili sherti zibaki sambamba, bega likigeuka pamoja na mwili. Miaka ya 1950 Waaustria wakarudi na Stefan Kruckenhauser wakisema la, bega lisigeuke, miguu tu ndiyo igeuke. Watu wazima, wenye wake na watoto, walikaa katika mikutano ya kimataifa wakibishana juu ya bega! Wala hatuwacheki sana, kwani tumewahi kuona mkutano wa walimu ukila asubuhi nzima juu ya namna ya kushika chaki.

Tuje kwenye ubishi uliokatwa kwa busara, maana upo. Katika mbio ndefu za ski, zile za kupita misitu na mabonde, wakimbiaji tangu kale walisukuma ski mbele sambamba, ndani ya mifereji miwili iliyochorwa katika theluji. Chini ya ski walipaka nta ya kushika, ili wanapojisukuma wasirudi nyuma. Katika miaka ya 1970 Pauli Siitonen, Mfini, alianza kutoa ski moja nje ya mfereji na kujisukuma nayo kwa upande, kama watelezao juu ya barafu. Bill Koch wa Marekani alifanya hivyo pia, akatwaa Kombe la Dunia mwaka 1982. Njia hiyo ilikuwa ya kasi kupita ile ya kale. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko Seefeld, Austria, mwaka 1985, wakimbiaji wengi waliacha kabisa nta ya kushika. Wanorwe walisikitika. Ule mwendo wa baba zao, waliojifunza wakifuata nyayo za mama kwenda shule na kanisani, ungekufa mbele ya macho yao, na si kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu si wa kasi.

Wakuu wa mchezo wangeweza kuikataza njia mpya. Wangeweza pia kuiacha ile ya kale ife. Hawakufanya hili wala lile. Tangu msimu wa 1985/86 waligawa mbio: nyingine za namna ya kale, nyingine za namna huru. Katika Michezo ya Olimpiki ya Calgary mwaka 1988 wanaume walikimbia kilomita 15 na kilomita 30 kwa namna ya kale, na kilomita 50 kwa namna huru. Hata leo ndivyo ilivyo.

Mwaka huo huo wa 1988, tarehe 30 Aprili, Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Wasomaji wetu wazee wanakumbuka maneno yaliyosemwa kabla ya hapo: wengine wakiuliza kama ngoma na kuitana na Watakatifu na wahenga wetu wema ni heshima au ni mchezo, wengine wakijibu kwamba kusali kimya kama Mzungu si amri ya kumi na moja. Sakramenti haiwekwi katika mizani moja na mbio. Tunalinganisha ubishi wa watu tu. Misa ya Roma ingali inasomwa kwetu, na Misa yetu ilisomwa na Papa Fransisko mwenyewe katika kanisa la Mtakatifu Petro mwaka 2019.

Lakini si kila pahali panaweza kugawanywa. Juu ya ardhi unachora njia mbili. Hewani je? Hapa ndipo tunapofika kwa waruka ski, na hapa ndipo ubishi ulipouma kweli.

Mruka ski hukaa juu ya mnara, hujiachia, hushuka katika mfereji wa barafu kwa kasi ya gari, na mwishoni, pahali mfereji unapokatika, hujirusha hewani. Huruka mita 90, mita 120, hata kupita, kisha hutua kwenye mteremko. Mashindano hayahesabu umbali peke yake. Waamuzi watano hutazama namna ya kuruka na kutua, kila mmoja akiwa na alama 20. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa. Tatu za katikati hujumlishwa. Basi mwenye mtindo kamili hupata 60. Na umbali nao una alama zake: anayetua kwenye mstari uliowekwa hupata 60, na katika kilima kikubwa kila mita ya zaidi humwongezea 1.8.

Shauri hili ni jema, nasi tunalisifu. Halikutungwa kwa kupendeza macho tu. Mtu anayetikisika hewani yu karibu kuanguka, na anayetua miguu pamoja, bila kuutanguliza mmoja na kukunja magoti, hana nguzo ya kumzuia asipinduke. Kutua kwa mguu mmoja mbele huitwa telemarki, kwa jina la wilaya ya Norwe ulikotoka, nako kungali kunatakwa hata leo. Mtindo, mwanzoni, ulikuwa jina jingine la usalama.

Lakini pamoja na usalama waamuzi walikuwa wakilinda kitu kingine, pengine bila kujua. Walilinda picha waliyoizoea. Katika miaka ya 1980 picha hiyo ilikuwa hii: ski mbili zimelala sambamba, zimekaribiana kama mikono ya mtu anayesali, mwili umeinama juu yake, mikono imebanwa mbavuni. Ilikuwa nzuri kweli. Wengi waliamini kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote, nao walikosea. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mtindo wa sifa ulikuwa ule wa Kongsberg, wa Jacob Tullin Thams aliyeshinda Olimpiki ya kwanza ya baridi huko Chamonix mwaka 1924: kiuno kimekunjwa, mikono mbele, hata kuipigapiga kama ndege. Ndipo mhandisi wa Uswisi, Reinhard Straumann, alipoanza kuupima upepo na mwili kwa hesabu; na katika miaka ya 1950 Mswisi mwingine, Andreas Däscher, akairudisha mikono nyuma mbavuni. Kwa hiyo picha ambayo waamuzi waliilinda kama urithi wa mababu ilikuwa na umri wa miaka 30 na kidogo. Waliokuwa wazee waamuzi waliizaliwa kabla yake.

Sasa akaja kijana wa Uswidi, Jan Boklöv, aliyezaliwa mwaka 1966 katika nchi ya Gällivare, kaskazini kabisa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1985, katika mazoezi huko Falun, aliruka vibaya, na ncha za ski zake zikaachana hewani, zikafanya umbo la herufi V. Mtu angetazamia aanguke. Badala yake upepo ulimbeba akatua mbali kuliko kawaida yake. Sababu yake si uchawi. Ski zikiwa sambamba chini ya mwili, mwili huzifunika, upepo hupata uso mdogo wa kusukuma. Zikipanuliwa, mwili hulala katikati yake, upepo hupiga ski zote mbili na mwili pia, kama mwewe anayefungua mbawa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, husema wazee. Boklöv alikuwa ameupata wake.

Waamuzi hawakufurahi. Kanuni ilisema ski ziwe sambamba. Ski hizi hazikuwa sambamba. Basi alama zipungue. Wanafunzi, chukueni kalamu mfanye hesabu pamoja nasi. Tuseme kila mmoja wa waamuzi watatu wanaohesabiwa anamnyima mrukaji alama mbili kwa sababu ya V yake. Amepoteza alama 6. Katika kilima kikubwa, ambapo mita moja ni alama 1.8, sherti aruke mita tatu na theluthi kupita mwenzake ili awe sawa naye tu. Na mashindano yana miruko miwili. Huo ndio mzigo aliobebeshwa kijana huyo kila Jumamosi na kila Dominika, mbele ya umati, na namba yake ya aibu ikiandikwa ubaoni.

Jambo linalotushangaza ni kwamba aliubeba. Hakuzifunga ski zake ili awapendeze waamuzi, wala hakutoka katika mashindano yao. Aliruka, akapewa alama za chini, akarudi juu ya mnara. Na katika msimu wa 1988/89 aliruka mbali kiasi kwamba alama za mtindo hazikuweza kumrudisha chini: alitwaa Kombe la Dunia la msimu mzima. Fikirini hali ya waamuzi hao. Mtu ambaye daftari lao lilimwita hajui kuruka ndiye aliyewashinda wote wanaojua.

Hapa twaomba ruhusa ya kuingia darasani kwa kitambo, kwani jambo la namna hii lilitukuta katika shule moja ambayo hatutaitaja. Tulikuwa tukisahihisha mtihani wa hesabu wa mwaka wa sita. Swali lilikuwa: mananasi 24, moja kwa franka 350, jumla franka ngapi? Msichana mmoja, ambaye mama yake anauza sokoni, hakupanga namba juu na chini kama zilivyofundishwa. Aliandika mafungu: kumi ni 3,500, kumi nyingine 3,500, manne 1,400, jumla 8,400. Mwalimu mwenzetu, mtu mwenye bidii na moyo safi, alimpa alama mbili kwa tano. Jibu ni sawa, alisema, lakini njia si ile. Na siku mtoto atakapofika sekondari, nani atampigia mafungu? Mwalimu mwingine alisema apewe tano, kwani nanasi ni nanasi na franka ni franka. Sauti zikapanda.

Sisi tulisema: aitwe. Akaja, akiwa na hofu, akisugua mguu mmoja kwa mwingine. Tukampa nyingine, mananasi 36 kwa franka 275, akaifanya kwa mafungu, 9,900, kabla ya mwenzetu kumaliza ya kwake ubaoni. Ndipo yule mwalimu wa kwanza akampa 347 mara 689. Hapo mafungu yalimzidi. Alijaza ukurasa, akapotea katikati, akaanza kulia. Kumbe wote wawili walikuwa wakisema kweli, kila mmoja juu ya mteremko wake. Alama tano zikaandikwa, kwa kuwa swali la mtihani lilikuwa la mananasi. Na kuanzia juma lililofuata mwalimu yule yule wa alama mbili alimbakiza baada ya masomo, akamfundisha kupanga namba. Hatukumwomba afanye hivyo.

Turudi kwa waruka ski. Kanuni ilibadilika baada ya miaka michache. Katika Olimpiki ya Albertville, mwaka 1992, wote waliopata medali katika mashindano ya mrukaji mmoja mmoja waliruka kwa V. Mmoja wao, Toni Nieminen wa Ufini, alikuwa mtoto wa miaka 16. Waamuzi waliacha kuipunguzia V alama, na leo anayeruka na ski sambamba ndiye angeshangaza watu.

Je, tuseme kwamba kila kipya ni chema, na wazee wanyamaze? Hatusemi hivyo, wala mambo yenyewe hayasemi hivyo. V ilileta ugonjwa wake. Kwa kuwa upepo sasa ulimbeba mtu kwa nguvu, mwili mwepesi ukawa faida kubwa, vijana wakajinyima chakula hata wakabaki mifupa. Mwaka 2004 wakuu waliweka kanuni: mrukaji aliye mwembamba kupita kiasi cha urefu wake sherti atumie ski fupi zaidi. Kanuni hiyo yaokoa maisha, na atakayeipinga kwa jina la uhuru wa mtindo sisi hatutamsikiliza. Wala mtu asichanganye ubishi na udanganyifu. Mwezi wa Machi 2025, katika ubingwa wa dunia huko Trondheim, iligunduliwa kwamba mavazi ya warukaji wa Norwe yalitiwa kwa siri uzi mgumu ili yashike upepo zaidi. Boklöv alizipanua ski zake mbele ya waamuzi watano na watu maelfu, mchana. Uzi ule ulishonwa ndani.

Kuna mmoja zaidi ambaye hatuwezi kumwacha, kwa sababu yeye ndiye tunayemfikiria kila tunapofungua kitabu kipya cha mafundisho ambacho wizara imetuletea. Jens Weissflog, wa Ujerumani ya Mashariki, alikuwa stadi wa mtindo wa kale. Mwaka 1984 huko Sarajevo, akiwa na miaka 19, alipata medali ya dhahabu kwa ski zilizonyooka sambamba, mtoto mwembamba anayeruka kama kitabu kinavyotaka. Kila waamuzi walipomtazama waliona ile picha yao. Kisha V ikaja, na katika Albertville bingwa huyu alibaki nyuma sana ya vijana wasiojulikana. Matti Nykänen, mpinzani wake mkubwa, mwenye dhahabu nne za Olimpiki, hakuivuka njia hiyo mpya. Siku zake zilikwisha. Weissflog angeweza kurudi kwao na medali zake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alikaa, akaanza tena. Mtu aliyezoea hewa tangu utoto wake ilimbidi aikatae kila siku ile amri ambayo miguu yake yenyewe ilimpa, amri ya kufunga ski, ambayo kwa miaka kumi ilikuwa imempatia mkate na heshima. Mwaka 1994, huko Lillehammer, katika nchi ya Wanorwe, Espen Bredesen wa kwao aliongoza baada ya mruko wa kwanza, na umati wote ulikuwa wake. Weissflog, mwenye miaka 29, aliruka mara ya pili ski zikiwa zimepanuka, akashinda dhahabu katika kilima kikubwa. Mashindano ya Vilima Vinne, ambayo Wajerumani na Waaustria huyafanya kila mwaka mpya, aliyashinda mara nne: 1984, 1985 na 1991 kwa ski sambamba, na 1996 kwa V. Mwaka huo akashuka mnarani, akaacha.